Mohamed Amin

Mohamed Amin (29 Agosti 1943 – 23 Novemba 1996) alikuwa mpigapicha wa habari wa Kenya aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, ambako mwaka 1963 alianzisha shirika la picha la Camerapix. Alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na baadaye akafungwa visiwani humo. Hutajwa zaidi kwa filamu ya njaa iliyopigwa Korem, Ethiopia, na kurushwa na BBC Oktoba 1984 kwa simulizi ya Michael Buerk. Wapo wanaosema filamu hiyo ni ya ukame, si ya vita. Hoja hiyo haitoshi: njaa ya Wollo na Tigray ilikuzwa na mapigano kati ya jeshi la Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, na waasi, na wengi waliojikusanya Korem walikuwa wameyahama makwao. Kwa hiyo ni haki kumhesabu Amin, hata kwa kazi hiyo, miongoni mwa wapigapicha wa vita.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, Amin akiwa huko kazini. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia, kamera ikirekebishwa ili aimudu. Alifariki ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa.