Waya Una Moto, Ujumbe Je?

Fundi wa umeme wa magari akiinama chini ya dashibodi na taa yake ya kupimia, swali lake la kwanza huwa moja: moto unafika? Hasemi umeme, hasemi mkondo. Kwake waya una moto au hauna, moto umekatikia njiani, betri imeisha moto. Lugha hiyo ilizaliwa gerejini, na kwa pikapu za zamani ilitosha kabisa. Ukikanyaga breki, moto unatoka kwenye fyuzi, unapita swichini, unafika kwenye taa na kushukia kwenye ethi. Taa ikigoma kuwaka, unaufuata moto kipande kwa kipande mpaka uone ulipoishia. Aliyejua kusema moto ulipo, alijua pa kushika.

Pikapu za miaka ya karibuni zimeweka kitu katikati. Ukibonyeza swichi ya taa au ya kioo, mara nyingi swichi hiyo haipeleki moto kwenye balbu au kwenye mota. Inapeleka ombi. Ombi hilo hupokelewa na kasha la kielektroniki lililofichwa nyuma ya dashibodi au karibu na miguu ya abiria, nalo ndilo huamua kutoa moto au kuuzuia. Husimamia kufuli za milango, vioo, waipa, indiketa, honi na taa za ndani, na katika magari mengi hushiriki pia kuutambua ufunguo kabla injini haijaruhusiwa kuwaka. Likiharibika, malalamiko ya dereva huonekana hayana uhusiano: milango inajifunga yenyewe, waipa hazizimiki, ufunguo unakataliwa, na gari linakula betri usiku kucha kwa sababu kasha limekataa kulala.

Tuliiteje kasha hili? Gerejini linaitwa kontrol boksi. Jina limekaa vizuri mdomoni, lakini limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Injini ina kontrol boksi, giaboksi ya otomatiki ina yake, breki za ABS zina yake, mifuko ya hewa ina yake. Mtu akiingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akaomba kontrol boksi ya Hilux, muuzaji hana budi kuuliza: ya nini? Asipouliza, mteja anaweza kwenda na kitu ambacho gari lake halikukihitaji.

Wapo ambao wangetafsiri jina lake la Kiingereza, body control module, neno kwa neno na kusema moduli ya udhibiti wa mwili. Nakataa. Mwili una damu. Gari lina bodi. Na mwenye pikapu ndiye anayelielewa neno bodi kuliko dereva mwingine yeyote, kwa sababu pikapu nyingi za kazi bado zinajengwa kwa mtindo wa bodi kukalishwa juu ya chesisi. Unaweza kufungua boliti, ukainyanyua bodi na kuiacha chesisi chini na magurudumu yake. Mashine ya kupimia nayo inaheshimu mgawanyo huo. Msimbo wa hitilafu unaoanza na herufi P unahusu injini na gia, C unahusu chesisi, B unahusu bodi, na U unahusu mawasiliano kati ya makasha.

Kwa hiyo napendekeza kidhibiti bodi. Ki- inatuambia kwamba ni chombo, dhibiti inataja kazi yake, na bodi inataja eneo lake. Tukishakubaliana hapo, mengine yanakuja yenyewe: kidhibiti injini, kidhibiti gia, kidhibiti breki. Muuzaji hatauliza tena ya nini, maana jina limekwisha kujibu.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye nyaya. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza mwaka 1983 kubuni njia ya makasha ya gari kuzungumza, ikaitangaza mwaka 1986 mjini Detroit, Marekani. Badala ya kila swichi kuvutiwa waya wake hadi kila kifaa, makasha yote yaliunganishwa kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila kasha likawa linatuma na kupokea ujumbe humo. Njia hiyo, inayoitwa CAN, ndiyo iliyomo katika karibu kila pikapu mpya leo. Nyaya zikiwa kimya, kila mmoja una volti 2.5 hivi. Ujumbe ukipita, mmoja hupanda hadi karibu 3.5 na mwenzake hushuka hadi karibu 1.5, maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde.

Hapo ndipo neno moto linapofika mwisho wa uwezo wake. Nyaya hizo zina volti, lakini kujua hivyo hakumwambii fundi lolote kuhusu ujumbe. Waya unaweza kuwa na volti na bado ukawa bubu. Fundi anahitaji neno la pili kando ya moto, nalo tunalo: ujumbe. Moto unafika? Ujumbe unapita? Ni maswali mawili yenye vipimo viwili. La pili unalianza kwa mita: betri ikiwa imefunguliwa, unapima ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14 katika soketi ya kupimia yenye matundu 16. Kila mwisho wa njia kuu kuna kikinza cha omu 120, kwa hiyo njia nzima husomeka omu 60. Ukiona 120, ujue upande mmoja umekatika. Njia hiyo ningeiita mkongo. Watanzania tayari tuna Mkongo wa Taifa unaobeba mawasiliano ya nchi, na mkongo wa gari unafanya kazi ya aina hiyohiyo ndani ya gari. Kuiita basi, kwa kufuata bus ya Kiingereza, kungetuletea abiria mahali pasipo na abiria.

Tazama jinsi istilahi inavyookoa fedha. Msimbo U0140 maana yake ni kwamba mawasiliano na kidhibiti bodi yamepotea. Hausemi kidhibiti kimekufa. Lakini ukitamkwa gerejini kwa maneno "kontrol boksi imekufa," mteja ametumwa kununua kitu ghali kabla hakijahukumiwa kwa haki. Huenda ethi imeoza kwa kutu, maji yameingia kwenye soketi, fyuzi imeungua, betri imechoka, au waya umekatika ndani ya mpira wa bawaba ya mlango. Fundi anayesema "ujumbe haupiti" ataendelea kutafuta. Anayesema "boksi imekufa" ameshafunga kesi.

Na pale ambapo kidhibiti kimeharibika kweli, tunahitaji kutenganisha vitendo ambavyo leo tunavifungia katika neno moja, kuprogramu. Kubadili ni kazi ya mikono: kufungua kichwa cha hasi cha betri, kuchomoa soketi, kutoa kasha, kulinganisha namba ya spea na kufunga lingine. Hapo gari bado halijapona. Kidhibiti kipya ni kama mgeni ukweni. Hakina haki ya kuagiza lolote mpaka kitambulishwe. Utambulisho una hatua tatu. Kupakia ni kukipa programu inayolingana na gari. Kusanidi ni kukiambia gari hili lina nini: namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, aina ya taa, vioo vya umeme au vya kuzungusha kwa mkono. Kuoanisha ni kukikutanisha na funguo ili kizuia wizi kizikubali.

Kila hatua inaweza kufaulu huku nyingine imeshindwa. Pikapu ikikataa kuwaka baada ya kidhibiti kubadilishwa, huenda kila kitu kimepakiwa sawasawa ila ufunguo haujaoanishwa. Ikiwaka huku taa za nyuma zikilalamika, huenda usanidi ni wa gari la aina nyingine. Kidhibiti cha mtumba hubeba pia historia ya gari kilikotoka: namba yake ya utambulisho, na katika baadhi ya modeli hata nakala ya kilomita zilizotembewa. Ndiyo maana fundi makini husoma na kuhifadhi usanidi wa kasha la zamani kabla ya kulichomoa, ikiwa bado linasomeka, na hushikilia volti ya betri kwa chaja wakati wote wa kupakia. Umeme ukishuka katikati, kasha jipya linaweza kufia hapohapo.

Neno istilahi lenyewe lina la kutufundisha. Asili yake ya Kiarabu ni makubaliano, na mzizi wake ndio uliozaa suluhu na maslahi. Istilahi haitoki kwa mtu mmoja mwenye kamusi, nami sidai kwamba kidhibiti bodi au mkongo wa gari yamekwisha kupita. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, lina mamlaka ya kusanifisha. Gereji zina kinywa. Maduka ya spea yana soko. Vyuo vya ufundi vina wanafunzi. Klachi, gia, plagi na breki vilipata majina kwa sababu mikono ilivigusa kila siku na ndimi zikakubaliana. Vidhibiti hivi sasa viko mikononi mwa mafundi haohao, na kazi ya kukubaliana haipaswi kusubiri kizazi kijacho.

Mahali pazuri pa kuanzia ni risiti. Badala ya mstari mmoja usemao "kontrol boksi na kuprogramu," fundi aandike: kupima mkongo, kubadili kidhibiti bodi, kupakia, kusanidi, kuoanisha funguo mbili, kila kimoja na bei yake. Mteja atajua amelipia nini, fundi mwingine atajua pa kuendelea gari likirudi, na mwanafunzi anayeshika tochi pembeni atakuwa amejifunza ufundi kwa lugha yake mwenyewe.