Nani Shahidi wa Ndoa? Tanganyika ya Mahari hadi Kifungu cha 160

Uliza mtaani Buguruni au Manzese, Dar es Salaam, mwanamume na mwanamke wakae pamoja muda gani ndipo wahesabiwe kuwa wana ndoa, na aghalabu utajibiwa: miezi sita. Jibu hutolewa kwa uhakika kabisa. Si kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataja miaka miwili au zaidi, na miaka peke yake haitoshi: lazima wawili hao wawe wameishi kwa namna iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke mbele ya watu. Hapo mahakama huchukulia kwamba walioana kihalali, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Wanasheria huiita dhana ya ndoa.

Kifungu hicho kina safari ndefu nyuma yake. Ukiitazama historia ya ndoa Tanzania Bara kwa karibu miaka 100 iliyopita, utaona mvutano mmoja usiokwisha: nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba hawa wawili ni mke na mume?

Kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, Wahaya na Wasukuma kwa mfano, shahidi alikuwa mzee aliyehesabu mahari. Mahari ndiyo yaliyoamua mtoto ni wa ukoo upi, na ndiyo yaliyorudishwa mke akiondoka. Kwa Waislamu wa pwani palitakiwa walii, mashahidi wawili na mahari ya bibi harusi mwenyewe. Wamisionari wakaja na madhabahu na cheti, na Waingereza wakaongeza Sheria ya Ndoa ya 1921 kwa walioahidi mke mmoja. Mtu angeweza kuwa na mke mbele ya wazee wa kijijini kwake na bado akawa kapera mbele ya karani wa bomani.

Mashahidi wote hao walikuwa na udhaifu mmoja: walihitaji kuwa karibu. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yaliwaweka watu mbali nao. Manamba waliletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea, Iringa na hata ng'ambo ya mipaka, wengi wao wanaume walioacha jamaa nyuma. Kambini hapakuwa na ng'ombe wa mahari wala mjomba wa kushauriana naye. Palikuwa na mwanamke aliyekuja kutafuta riziki yake, na mwanamume mwenye chumba na posho. Waliishi kinyumba, wakazaa, na mkataba ulipokwisha baadhi waliondoka pamoja na wengine wakaachana bila kelele.

Dar es Salaam mambo yalikwenda hivyohivyo, ila huko nyumba yenyewe ilitoa shahidi mpya. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na uani kuna jiko, bafu na choo vya wote. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji huo katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliona ndoa za mjini zikivunjika kwa wepesi. Hilo ni kweli, lakini kuna jambo jingine. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna ndoa ya siri. Wapangaji wote wanajua nani analala chumba kipi, nani anampikia nani, nani alimuuguza nani. Mwanamke huitwa mama fulani kwa jina la mtoto aliyezaliwa humohumo. Jirani alishika nafasi ya mjomba bila kuombwa.

Baada ya uhuru serikali ilianza na mila. Mwaka 1963 ilitangaza Sheria za Mila kwa jamii za ukoo wa baba, kazi iliyotokana zaidi na uchunguzi wa Hans Cory, Mwaustria aliyetumia miaka mingi kukusanya sheria za Wahaya na Wasukuma. Kisha ukaja Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, ukipendekeza sheria moja ya ndoa kwa dini zote na makabila yote. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo Wakristo waliochukizwa na ndoa ya wake wengi kupewa hadhi sawa na ndoa yao, na wapo Waislamu waliochukizwa na talaka kupelekwa mahakamani. Serikali iliwasikiliza wote, kisha ikafanya ilichokusudia. Sheria Na. 5 ya 1971 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, Bara tu; Zanzibar ilibaki na taratibu zake.

Sheria hiyo iliruhusu aina zote za ndoa lakini ikadai ziandikishwe. Ilitamka kwamba mahari yasipolipwa ndoa haibatiliki. Kifungu cha 66 kikasema hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumpiga mwenzake. Anayetaka talaka apitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Cha kuchekesha ni kwamba sehemu kubwa ya mawazo hayo ilitoka kwenye ripoti ya tume ya Kenya ya 1968, ambayo Wakenya wenyewe waliipa kisogo. Muswada wao ulikwama bungeni katika miaka ya 1970, baadhi ya wabunge wakinung'unika kwamba wananyimwa haki ya kuwarudi wake zao. Kenya ilipata sheria yake moja ya ndoa mwaka 2014.

Kwa maoni yangu, ujasiri mkubwa wa sheria ya 1971 umo katika kifungu cha 160. Waliokitunga walikubali kwamba nyumba nyingi zilikwisha kujengwa bila karani wala mahari, na wakamfanya jirani kuwa shahidi halali. Mahakamani huitwa mjumbe wa nyumba kumi, mwenye nyumba, mpangaji wa chumba cha pili. Hata dhana ikivunjwa, mahakama inaweza kuamuru matunzo ya mwanamke na watoto. Lakini kuna mpaka: mwanamume mwenye ndoa ya Kikristo hawezi kudhaniwa kumwoa mwingine, hata akiishi naye miaka 20. Wanawake wengi huugundua mpaka huu siku ya msiba.

Jirani aliweza kuthibitisha ndoa. Lakini thamani ya kazi ya mke nyumbani ilihitaji shahidi wake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiongoza, iliamua kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Mwanamke aliyefungua shauri hilo hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kuzitapanya fedha alizopewa na mumewe. Wanawake waliomfuata ndio waliofaidi.

Palipobaki aibu ni umri. Sheria iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo vya umri mahakamani, Mahakama Kuu ikavitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 na kuipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Mwaka ule uliotolewa ulipita bila Bunge kubadili lolote.

Bunge litakapoigusa sheria hii, likitazame pia kifungu cha 160. Kiliandikwa wakati ambapo wapangaji walichota maji bomba moja. Leo wapo wanaoishi nyuma ya ukuta na geti, wasiojua jina la mtu wa nyumba ya pili, na jirani wa namna hiyo akiitwa mahakamani hana la kusema. Uandikishaji wa wanaoishi kinyumba, wa hiari, usio na gharama, katika ofisi ya kata, ungewapa shahidi asiyehama mtaa.