Hati na Jembe: Habari za Shamba la Mngeta

Mtu asafiriye kwa gari la moshi la TAZARA kutoka Ifakara kwenda Mlimba huiona milima ya Udzungwa upande wake wa kulia, na upande wa kushoto bonde la mto Kilombero, ambalo wakati wa masika hufurika maji hata likafanana na ziwa. Kati ya mlima na maji pana ukanda wa nchi yenye rutuba, na katika ukanda huo zimo Mchombe na Mngeta. Wandamba walilima mpunga katika bonde hili kabla ya Wajerumani kufika, na kwa ajili ya mpunga huo nchi yao imetamaniwa na wengi. Habari za shamba moja la huko, lenye hekta 5,818, zaonyesha jinsi kampuni ya biashara iwezavyo kuwa na hati mkononi na walakini isiwe na amani shambani.

Chanzo cha jambo hili ni cha zamani kuliko kampuni yenyewe. Katika mwaka wa 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza ya kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka wa 1923, waliiweka ardhi yote chini ya Gavana. Na ndipo katika mwaka wa 1928 wakaongeza maneno ya kumtambua mwenyeji akaaye kwa mila yake. Tangu hapo pakawa na njia mbili za kumiliki ardhi: moja ya hati iliyoandikwa, na moja ya jembe na ushahidi wa majirani. Uhuru ulipokuja, njia zote mbili zilibaki. Gavana aliondoka, na ardhi ikawekwa katika dhamana ya Rais.

Shamba la Mngeta lilianzishwa katika mwaka wa 1986, kwa ubia wa Tanzania na Korea ya Kaskazini, likajulikana kwa jina la KOTACO. Ubia huo ulikwisha katika mwaka wa 1993, na ardhi ikabaki mikononi mwa RUBADA, mamlaka iliyoundwa mwaka wa 1975 kuendeleza bonde la mto Rufiji. Kisha ikapita miaka 15. Katika vitabu vya serikali shamba lilikuwa na mwenyewe. Lakini watu wa vijiji vya jirani walilima sehemu zake, wakajenga na kupanda miti. Miaka 15 si kitu katika daftari la msajili. Kwa mkulima ni muda wa kutosha mwembe kukua na kuzaa, na mtoto aliyezaliwa chini yake kushika jembe.

Katika mwaka wa 2008 ikaingia kampuni ya Kilombero Plantations Limited, ubia wa RUBADA na kampuni ya Agrica ya Uingereza. Ilileta matrekta na mashine za kukoboa, na ikawafundisha maelfu ya wakulima wadogo kilimo shadidi cha mpunga. Lakini kaya zaidi ya 200 zilionekana zimo ndani ya mipaka ya hati yake. Kampuni ilisema ya kuwa ardhi ni yake kwa sheria. Wenyeji walisema ya kuwa hakuna aliyewaambia kwamba wanalima katika shamba la mtu. Ukafanywa mpango wa fidia: wengine wakajengewa nyumba, wengine wakalipwa fedha. Wako walioridhika, na wako waliolalamika kwamba walichopewa hakikulingana na walichopoteza.

Je, sheria yasemaje? Katika shauri la Lohay Akonaay, lililokatiwa rufani mwaka wa 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua ya kuwa haki ya ardhi ipatikanayo kwa mila ni mali, nayo hulindwa na Katiba. Mtu aliyetia jasho lake katika ardhi haondolewi bila fidia ya haki. Sheria za ardhi za mwaka wa 1999 zilikwenda mbele zaidi, zikasema ya kuwa haki ya mila ina hadhi sawa na haki ya hati, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki, tena ilipwe mapema. Basi mfanyabiashara apewaye hati na serikali hajamaliza kazi ya sheria. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Lakini katika Mngeta daftari lilikuwapo, na ugomvi ukawapo pia, kwa kuwa jembe halikuandikwa ndani yake.

Hata hivyo si haki kudhani ya kuwa kampuni ndiyo iliyokuwa na nguvu zote. Mipango yake ya fedha ilitegemea ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, yaani asilimia 75 juu ya mchele utokao nje. Mwanzoni mwa mwaka wa 2013 serikali iliruhusu mchele kuingia bila ushuru ili kuwapunguzia watu wa mijini ukali wa bei. Bei ikaanguka, na aliyeumia si kampuni peke yake: mkulima mdogo wa Mchombe, aliyeuza gunia lake katika soko lile lile, aliumia pamoja nayo. Madeni yalizidi, na katika mwaka wa 2019 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi kwa ajili ya wadai wake.

Hivyo mwenye hati na mwenye jembe, waliokuwa wakishindana juu ya mpaka, walipatwa na msiba wa namna moja: kila mmoja aliitegemea ahadi ya serikali, na kila mmoja aliona ahadi hiyo ikibadilishwa bila yeye kuulizwa. Mkulima alidhani kimya cha miaka 15 ni ruhusa. Kampuni ilidhani kiwango cha ushuru ni agano. Mfanyabiashara huulizwa daima kama ameitii sheria, nayo ni haki aulizwe. Bonde la Kilombero lafundisha ya kuwa sheria nayo yapaswa kuulizwa kama imekaa mahali pamoja muda wa kutosha ili watu waweze kuitii.