Uhuru Angani

Msomaji wa Meru au Embu, ujue ya kwamba setilaiti iitwayo Uhuru ilipita mara nyingi juu ya anga yako. Wamarekani na Waitalia waliirusha karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu. Ndipo ilipopata jina, na jina jema nalo. Katika kundi la nyota la Cygnus iliona miali ya eksirei ipandayo na kushuka upesi mno. Wataalamu wakaja kutambua huko shimo jeusi, lenye mvutano mkubwa hata nuru isitoke. Mashimo mawili ya namna hiyo yakigongana, nafasi yenyewe ya ulimwengu hutikisika, mfano wa ziwa lililotupiwa jiwe. Ndiyo mawimbi ya mvutano. Einstein aliyabashiri mwaka 1916. Yalinaswa Marekani tarehe 14 Septemba 2015, kwa mitambo yenye mikono ya kilomita 4, iliyorefuka kwa kiasi kidogo kuliko kiini cha atomu.