Nyumba ya kisasa, lakini lubunga iko wapi?



Hapa Fizi, kijiji cha Wabembe wa zamani hakikuwa nyumba za kulala tu. Kulikuwa na lubunga: paa la nyasi juu ya nguzo, pembeni wazi. Hapo wanaume walikula pamoja, walipokea wageni na kukata maneno ya mashamba, ndoa na madeni.

Wakati wa Wabeleji, serikali ilisukuma vijiji vingi vya Kongo kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari. Lakini hata Mbeleji alipenda kukaa nje. Varanda ya nyumba yake aliiita "barza", neno alilotoa kwenye Kiswahili chetu: baraza.

Kisha ikaja vita ya 1996. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika wakaishi Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia 2005 meli zilirudisha watu Baraka, na wengine walikuta parseli zao ziko na watu.

Kazi yangu ni kutembelea waliorudi. Nyumba nyingi za msaada zinafanana: vyumba 2, mlango mmoja, manjanja juu. Mvua haiingii, na kwa hilo tunashukuru. Lakini mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja mjane kuongea na familia iliyokuwa inalima shamba la marehemu mume wake. Tulifika, hakuna pa kukaa. Tukasimama kwenye jua, sauti zikapanda, tukaachana vibaya. Siku ya pili jirani mmoja alitupokea kwenye lubunga yake. Zamani mama angesikiliza kwa mbali. Siku ile yeye ndiye alianza kusema. Kabla ya jioni tulikuwa shambani, tunapima mpaka.

Basi, kabla ya fundi kuchora plani, tumuulize: watu watakaa wapi? Manjanja yatoke mbele mita 2, yashikwe na nguzo 4. Msingi uinuliwe, na benchi ya matofali ijengwe ukutani. Jiko liende nyuma, moshi usifukuze wageni. Kama pesa ni kidogo, paa la mbele liwe la nyasi kwanza.

Wafadhili wetu, mkihesabu vyumba, hesabuni na hiyo sehemu. Chumba cha 3 kinaweza kungoja. Maneno ya shamba hayangoji.