Radi Haina Ghala

Mvua zikianza Isansa, wilayani Mbozi, mkulima wa kahawa hutazama juu kwa tumaini na kwa hofu, maana wingu la mvua ndilo la radi. Wengine huuliza: moto wote huo, mbona hatuuweki akiba?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1746, huko Leiden, Uholanzi, Pieter van Musschenbroek alionyesha kuwa chupa ya maji huweza kutunza chaji ya umeme. Mwaka 1752, huko Marekani, Benjamin Franklin alirusha tiara wakati wa ngurumo, akakinga chaji ya wingu katika chupa kama hiyo. Mwaka 1753 Georg Richmann alijaribu kuipima huko Urusi, radi ikamuua.

Na faida yenyewe? Radi moja hubeba kiasi cha jouli bilioni 1, yaani yuniti 280 hivi: nyumba moja huzimaliza kwa miezi michache. Tena hupita kufumba na kufumbua, pasipojulikana.

Kilichobaki ni kikinga-radi cha Franklin: fimbo ya chuma juu ya paa, na waya uzamao ardhini. Ngurumo zikianza, tuingie nyumbani, tusijifiche mtini. Wala tusimsingizie jirani uchawi. Radi haitumwi na mtu.