Malaria ya Kano, seli za kinga na saratani ya taya kwa watoto

Ukitoka Kisumu kuelekea Nairobi unapita Ahero, mji wa soko katikati ya mashamba ya mpunga ya uwanda wa Kano. Maji yanayolisha mpunga huo hulea mbu pia, na mtoto wa huku huweza kuugua malaria mara kadhaa kabla ya kuanza shule. Wengi tunadhani madhara yake huishia kwenye homa na upungufu wa damu. Sivyo.

Kuna saratani iitwayo Burkitt. Hii ni saratani ya seli B, zile chembechembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 9 hivi, wavulana kuliko wasichana. Mara nyingi huanzia kwenye taya, meno yakalegea na uso ukavimba upande mmoja. Kwa wengine huanzia tumboni.

Aliyeieleza, mwaka 1958, ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani waliyorudi nayo ilifanana na ya malaria: penye joto na mvua ugonjwa upo, nyanda za juu zenye baridi haupo. (Ndiye huyohuyo aliyekuja kushikilia, akisharudi Uingereza, kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa Waafrika kwa sababu ya nyuzinyuzi katika chakula chao.)

Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi hivyo, Epstein-Barr, karibu kila mtu mzima anavyo na wengi havijawadhuru. Malaria ndiyo huharibu mambo. Vimelea vyake huchochea seli B zizaliane kwa wingi, zikiwemo zilizobeba virusi. Katika harakati hizo kipande cha kromosomu huweza kukatika na kuungwa pasipo pake, na jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike, ikakosa breki. Nazo seli T, askari wa kuwinda seli zenye virusi, hulegea. Watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, kule milimani kusiko na malaria nyingi, walikuta wa Kisumu wana virusi vingi zaidi katika damu.

Si kila mtoto mwenye malaria atapata saratani hii. Wanaoipata ni wachache sana. Lakini uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu, na mzazi huweza kupoteza wiki nzima akidhani ni jino bovu. Jino likishang'olewa na taya ikazidi kuvimba, mpeleke mtoto hospitali ya rufaa, Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, siku hiyohiyo. Dawa za saratani huuyeyusha uvimbe huu haraka, na watoto wengi hupona wakiwahi na wakimaliza dozi zote.